Choo, Sabuni na Ini la Jirani

Ndugu wasikilizaji, pamoja nanyi mtakaoyasoma mazungumzo haya gazetini, juma hili nataka tuzungumzie ugonjwa ambao jina lake limo vinywani mwa watu wengi hapa Kijenge, lakini historia yake haijulikani sana. Ugonjwa wenyewe ni homa ya ini. Nimeona tuanzie mwaka 1973, kwa kuwa mwaka huo yalitokea mambo mawili, moja mbali na jingine, na waliohusika na moja hawakuwa na habari za wenzao.

Jambo la kwanza lilitokea Marekani, katika mji wa Bethesda, kwenye taasisi za taifa za utafiti wa afya. Huko wanasayansi watatu, Feinstone, Kapikian na Purcell, walitumia hadubini yenye nguvu ya umeme kuchunguza kinyesi cha wagonjwa wa homa ya ini. Wakaona vijidudu vya mviringo, vidogo mno, vyenye kipenyo cha sehemu 27 tu za milioni moja ya milimita. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa macho ya binadamu kuviona virusi vya homa ya ini aina ya A.

Jambo la pili lilitokea hapa kwetu Tanzania. Mwaka huo huo wa 1973, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ikishirikiana na Serikali na chama cha TANU, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee watakuwa wanaikumbuka vizuri. Kwa muda wa majuma 12 watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, mmoja wao akasoma kitabu kwa sauti ili hata asiyejua kusoma aelewe, kisha wakajadiliana na kuamua watakalofanya kabla ya kukutana tena. Viongozi wa vikundi waliofundishwa kazi hiyo walikuwa kama 75,000, na wananchi walioshiriki walifikia milioni mbili. Kampeni ilipokwisha ilikadiriwa kuwa vyoo 750,000 vilikuwa vimechimbwa.

Masomo ya kampeni ile yalihusu malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Homa ya ini haikuwa na somo lake. Hata hivyo, kila shimo la choo lililochimbwa na kila chungu cha maji kilichochemshwa kwa ajili ya kujikinga na kuhara damu kiliifungia homa ya ini njia ile ile. Mkulima aliyeshika jembe mwaka 1973 alikuwa anapigana na adui ambaye mtaalamu wa Bethesda ndio kwanza anamwona. Leo majina ya virusi vya ini tunayajua yote, A hadi E. Swali la juma hili ni hili: mbona sisi tunaojua majina tunashindwa na jambo ambalo wazee wetu waliliweza bila kuyajua?

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Dalili yake inayoshtua ni macho na ngozi kugeuka manjano, na mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi. Kabla ya hapo mgonjwa hupatwa na homa, uchovu, kichefuchefu, na chakula humchukiza. Kwa sababu ya rangi hiyo, watu wengi huuita ugonjwa huu homa ya manjano. Hapo pana kosa. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine unaoenezwa na mbu, nao una chanjo yake. Homa ya ini ni kuvimba kwa ini, na aina zake tunazozisema leo hazina uhusiano wowote na mbu.

Kuchanganya magonjwa haya mawili kuliwahi kuleta balaa. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Marekani walichanjwa dhidi ya homa ya manjano ya mbu. Chanjo ile ilikuwa imechanganywa na majimaji ya damu ya binadamu, na baadhi ya damu hiyo ilikuwa na virusi vya ini. Askari wapatao 50,000 waliugua. Waliokingwa na manjano ya mbu wakapata manjano ya ini! Kutokana na mikasa kama hiyo, wataalamu walianza kuelewa kwamba homa ya ini si moja. Ipo inayopita kinywani, na ipo inayopita katika damu. Mwaka 1947 daktari Mwingereza aitwaye MacCallum alipendekeza ya kinywani iitwe A na ya damu iitwe B. Mwaka 1965 Baruch Blumberg na wenzake walitangaza kwamba wamepata katika damu alama ambayo baadaye ilithibitika kuwa ya virusi vya aina ya B, na mwaka 1976 akapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini hata baada ya kujua A na B, kazi ilikuwa haijaisha. Kati ya Desemba 1955 na Januari 1956, mji wa Delhi nchini India ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa homa ya ini. Baada ya mafuriko, maji machafu ya mji yaliufikia Mto Yamuna mahali yanapochotwa maji ya mabomba. Wahandisi waliongeza dawa ya klorini, na homa ya matumbo haikuzuka. Pamoja na hayo, watu wapatao 29,000 waligeuka manjano. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ile ilikuwa aina ya A, mpaka damu iliyokuwa imehifadhiwa ilipopimwa upya ikaonekana siyo. Mwaka 1983 mtaalamu wa Kisovieti, Mikhail Balayan, alieleza jinsi alivyojijaribia mwilini mwake. Alikunywa mchanganyiko uliotokana na kinyesi cha wagonjwa, akaugua homa ya ini, na katika choo chake mwenyewe akavikuta virusi vipya. Aina hiyo ndiyo tunayoiita E leo.

Basi, ndugu wasikilizaji, A na E ni ndugu kwa tabia. Zote mbili hutoka katika kinyesi cha mtu mmoja zikaingia kinywani mwa mwingine, kwa kupitia maji, chakula au mkono. Najua si maneno ya kupendeza, na pengine kuna aliyekaa mezani sasa hivi akisikiliza. Naomba radhi, lakini ugonjwa huu umeishi muda mrefu kwa sababu ya haya zetu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Ujanja wa aina ya A uko katika mambo mawili. La kwanza ni kwamba virusi hukaa mwilini majuma mawili hadi manne, na pengine zaidi, kabla ya dalili kuonekana, na mtu huanza kuvitoa chooni kabla macho yake hayajageuka rangi. Mpishi wa chipsi, mama lishe, au dada anayepakua ubwabwa kwenye arusi anaweza kuwa mzima kabisa kwa kumtazama, anacheka na wateja wake, kumbe mikono yake inagawa ugonjwa. Ndiyo maana kumngoja mtu augue ndipo tuanze usafi ni kuchelewa.

La pili ni watoto. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kwa watoto walio chini ya miaka sita, ni kama asilimia 10 tu ya wanaoambukizwa ndio wanaogeuka manjano. Waliobaki hupita nao kimya kimya, wakacheza uani, wakashika kikombe, wakashika mlango wa choo. Kwa wakubwa mambo ni kinyume, zaidi ya asilimia 70 huugua hasa. Kwa miaka mingi Afrika watu wengi waliupata wakiwa wachanga na kubaki na kinga maisha yao yote. Sasa usafi unapopanda nusunusu, nyumba hii ina bomba na nyumba ile haina, wako vijana wanaofika ukubwani bila kinga, wakakutana na ugonjwa wakati ambao unauma zaidi. Maendeleo ya nusu, ndugu zangu, yana hatari yake, na dawa yake ni kuyakamilisha.

Aina ya E ina ukatili wa peke yake. Mama mjamzito akiipata katika miezi mitatu ya mwisho, hatari ya kufa hufikia asilimia 20 hadi 25. Kati ya akina mama wanne au watano wa namna hiyo, mmoja anaweza kutoweka pamoja na mtoto wake.

Wala tusidhani hayo ni ya India tu. Kaskazini mwa Uganda, wilayani Kitgum, watu waliokuwa wamekimbia vita na kusongamana makambini walipatwa na mlipuko wa aina ya E kuanzia Oktoba 2007. Hadi katikati ya mwaka 2009 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa zaidi ya 10,000, na watu 160 walikuwa wamefariki. Wataalamu walipofanya uchunguzi ili wajue nani aliugua na nani alisalimika, walikuta mambo mawili ambayo kila Mwafrika wa Mashariki atayatambua mara moja. Moja lilikuwa kuhifadhi maji ya kunywa katika chombo chenye mdomo mpana, ambacho kila mtu hutumbukiza kikombe na vidole vyake. Jingine lilikuwa kunawa mikono kwa pamoja katika beseni moja.

Hebu tulitafakari hilo la beseni. Kunawa kabla ya kula ni desturi yetu, tena nzuri, na hatukuisubiri hadubini ya Bethesda ili tuipate. Lakini katika desturi yenyewe zipo njia mbili. Ipo ya birika na bakuli, ambapo kijana huzunguka akiwamiminia wageni maji, kila mtu akapata maji yake na yale machafu yakaanguka chini. Na ipo ya beseni kuzungushwa, wa kwanza akanawa, wa pili akanawa, mpaka wa kumi anatia mikono katika uchafu wa tisa waliomtangulia. Wa kumi huyo alikuja na mikono yake tu, akaondoka na ya wenzake. Misibani na arusini njia hii ya pili ndiyo iliyozoeleka, kwa sababu watu ni wengi na maji ni machache. Bibi aliyetufundisha kumiminia maji wageni kwa heshima alikuwa anatufundisha pia kinga, bila ya kuiita hivyo.

Sasa tuje nyumbani Kijenge. Mitaa yetu imepewa majina kwa jinsi ardhi ilivyolala. Iko Kijenge Juu na iko Kijenge Chini, na mvua ya masika ikinyesha kila mtu anajua maji yanakwenda upande gani. Choo kinachofurika juu hakimwombi ruhusa mtu wa chini. Kisha wengi wetu tunaishi katika nyumba za kupanga, familia tano au sita zikizunguka ua mmoja, choo kimoja na bomba moja, kama bomba lipo. Katika ua wa namna hiyo hakuna usafi wa mtu binafsi. Ukinawa wewe na jirani asinawe, mlango wa choo ni mmoja, na kitasa ni kimoja.

Kuna jambo jingine la huku kwetu. Watu wa Arusha na Meru tumezoea kusema maji ya mlimani ni safi, kwa kuwa ni baridi na yanang'aa. Lakini sisi hasa ndio tunaopaswa kujua kwamba maji maangavu yanaweza kudanganya. Chemchemi nyingi za Mlima Meru zina madini ya floridi kupita kiasi, na meno ya kahawia ya wenyeji wengi ni ushahidi tunaotembea nao vinywani. Floridi haitoki kwa kuchemsha, na hiyo ni kazi ya mamlaka za maji na wataalamu. Virusi vya ini hufa maji yakichemka vizuri, na hiyo ni kazi yetu sisi jikoni. Kasoro moja ya maji inaonekana kwenye meno, nyingine haionekani mpaka macho yageuke rangi. Tusiipuuze ya pili kwa sababu tumeizoea ya kwanza.

Hapo sina budi kugusa jambo linaloumiza watu. Siku hizi upimaji wa homa ya ini aina ya B umeenea, katika vituo vya afya na wakati wa kuchangia damu, na ni jambo jema. Lakini mtu akiambiwa ana B, mara nyingi nyumba nzima humtenga. Sahani yake huwekwa pembeni, kikombe chake hupakwa alama, na wapo wanaohama chumba. Aina ya B hupita katika damu, katika kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapojifungua, na pia kwa wembe au sindano iliyotumiwa na mwingine. Haipiti katika ugali wala katika kikombe cha chai. Ina chanjo, na tangu mwaka 2002 watoto wa Tanzania huipata katika ratiba ya kawaida ya kliniki. Kwa hiyo tunamtenga mwenye B kwenye chakula, mahali ambapo hawezi kutudhuru, halafu tunatoka chooni bila kunawa na kukaa kwenye chakula hicho hicho, mahali ambapo A na E zinatungoja. Tumeuweka mlinzi kwenye dirisha na mlango tumeuacha wazi.

Nini basi kifanyike? Naanza na choo. Kiwe na sakafu inayosafishika, kiwe na mfuniko, na shimo lisiachwe mpaka lifurike. Kampeni ya Nyumba ni Choo iliyoanza mwaka 2017 ililisema hili kwa sauti kubwa. Pili ni maji ya kunawa karibu na mlango wa choo, pamoja na sabuni. Asiye na bomba atengeneze kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lililotobolewa na kuning'inizwa kwenye mti, likavutwa kwa kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu, mkono usiguse chochote. Gharama yake ni dumu la zamani na kamba. Tatu ni maji ya kunywa. Yachemshwe, na yahifadhiwe katika chombo chenye mdomo mwembamba au chenye koki, si ndoo ya kuchovya kikombe. Nne, matunda na mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji safi, hasa pale mboga zinapokuwa zimemwagiliwa kwa maji ya mito inayopita mjini. Na mtu anayegeuka manjano aende hospitali mapema, asikae nyumbani akinywa mitishamba, kwa maana dawa nyingine za kienyeji, na hata vidonge vya dukani vikizidi, humwongezea mzigo ini lililochoka. Pombe aiache kabisa.

Najua mtu atasema, haya yote tumeyasikia. Kweli tumeyasikia. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO, karibu kila duka na kila hoteli ya mjini ilikuwa na ndoo ya maji yenye koki na sabuni mlangoni. Watoto walinawa kabla ya kununua peremende. Hofu ilipopungua, ndoo nyingi ziliondoka. Hofu humwamsha mtu usiku mmoja, haimfanyi achimbe choo.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye lile swali la mwanzo. Kampeni ya mwaka 1973 haikufanikiwa kwa sababu watu walikuwa na hofu, wala kwa sababu walikuwa na fedha. Walikutana. Kila kikundi kilikuwa na siku yake, na hakikuondoka kabla ya kuamua jambo: juma hili tunachimba choo cha nani, nani analeta miti, nani analeta udongo. Juma lililofuata waliulizana. Redio ilisema, lakini kikundi ndicho kilichotenda. Na mwaka 2024 Serikali imelifufua jina lile lile la Mtu ni Afya. Jina peke yake halichimbi shimo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakazi wa Kijenge ni dogo. Wapangaji wa ua mmoja wakutane Jumamosi moja, pamoja na mwenye nyumba. Waulizane maswali matatu: choo chetu kina hali gani, maji ya kunawa yako wapi, na sabuni ya mwezi huu inanunuliwa na nani. Hili la sabuni ndilo linalovunja nyua nyingi, kwa kuwa kila mmoja anaona akiiweka itatumiwa na wengine. Aelewe kwamba ndivyo inavyotakiwa. Sabuni inayotumiwa na jirani inalilinda ini la mwenye sabuni. Mwenye nyumba anayepokea kodi naye atambue kwamba choo ni sehemu ya nyumba aliyoipangisha. Mwenyekiti wa mtaa na bwana afya wapite wakitazama, si siku ya mlipuko tu. Na mwenye msiba au arusi atafute vijana wawili, awape birika na sabuni, awaambie wamimine.

Wazee wa mwaka 1973 walichimba bila kumwona adui. Sisi tumeonyeshwa sura yake, tumepewa na jina lake. Hatuna la kusingizia.

Ndugu wasikilizaji, hadi juma lijalo panapo majaliwa. Kabla ya chakula cha jioni, nawisheni watoto, tena kwa maji yanayomiminika. Kwaherini.